Vipimo vya Mwezi wa Ramadhani

Nilifika Wambaa kabla ya adhuhuri, nimechoka kwa mwendo ambao zamani nisingeuita safari. Bwana Rashid, mkuu wetu wa zamani wa ofisi, alikuwa ameshazikwa, na mimi nilikuja kwa hitma. Nilivua viatu, nikapewa nafasi kwenye mkeka barazani, nikapewa juzuu yangu. Nikaisoma nusu kwa macho na nusu kwa moyo, maana miwani niliisahau nyumbani Wete. Baada ya dua ilipita kahawa, ikapita halua, na watu wakaanza kumtaja marehemu kwa wema, kama ilivyo desturi. Aliyeyashika mazungumzo alikuwa Makame, zamani dereva wa ofisi yetu, mtu mwenye sauti ya aliyezoea kushindana na injini. "Bwana Rashid hakuwa na jicho la upendeleo," alisema. "Nyie vijana hamkumjua. Alimtoa kazini mtoto wa dada wa mkewe, ntu wa nyumbani kwake, kwa kuwa mzito wa kazi. Akamtoa! Na alipotoka tu, yakhe, kazi ikaruka kama ng'ombe aliyekata kamba. Si ndivyo, Kombo? Fundi yuno hapa, alikuwapo, mwulizeni." Baraza zima likanigeukia. Nikainamisha kichwa kukubali. Nilikuwa na halua mdomoni, na hiyo ndiyo sababu niliyojipa ya kutofungua kinywa. Mtu akizoea kujipa sababu, hata halua humtosha.

Mwaka anaousimulia Makame ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kuitwa Fundi. Ofisi yetu ilikuwa Chake Chake, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Ukipanda ngazi za mbao ulipita kwanza kwenye harufu ya jora mpya za kanga, kisha ukafika kwenye harufu yetu sisi, ya karatasi zenye unyevu na chai. Palikuwa na chumba kirefu, madirisha yake ya mbao yakitazama barabarani, na meza sita zilizopangwa kwa mstari, kila meza na skrini yake yenye maandishi ya kijani. Mwisho wa chumba kulikuwa na chumba kidogo chenye kiyoyozi, cha pekee katika jengo zima. Humo ndani ilikaa mashine yenyewe, kasha la rangi ya maziwa yaliyochacha, na skrini zote sita zilikuwa zikiitegemea hiyo moja. Mfumo wake uliitwa Unix, jina ambalo Sauda, mmoja wa wale wanawake sita waliopiga chapa, alilitamka kama jina la jini. Mradi ulikuwa wa kuhesabu mikarafuu. Watu walikwenda shamba kwa shamba, kisiwa kizima, wakaandika mti upi mzima, upi unakufa, upi umekwisha kufa, na karatasi zao zililetwa kwetu ziingizwe kwenye mashine. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari na mafunzo ya miezi michache Dar es Salaam. Leo hilo si kitu. Siku zile, ghorofani pale, nilitembea kama mganga.

Nikitaja kompyuta za zamani mbele ya wajukuu zangu, hudhani nitawapa kisa cha umeme kukatika. Ulikatika, na sana, lakini mashine ilikuwa na betri zake za kuivusha mpaka niizime vizuri. Hatukuharibiwa na umeme. Aliyeharibu alikuwa na mwanga wa kutosha na kitabu cha mashine mkononi.

Saa nne tulikuwa tukinywa chai pamoja. Meza moja iliondolewa karatasi, likatandazwa gazeti, na kila mtu akatoa alichokuja nacho: shelisheli la kuchemsha, dagaa wa kukaanga, chapati zilizofungwa ndani ya kitambaa bado zina joto. Mkubwa wa gazeti lile, kama ungeuliza nani mkubwa, alikuwa Sauda. Aliwahi kuficha doriani nyuma ya mashine ili liive polepole kwenye ubaridi. Nilipolitoa nje kwa hasira alinijibu, "Fundi, baridi hiyo ya serikali, si ya babako." Wote walicheka, akiwamo Mize, ambaye kwa kawaida alicheka kwa mabega tu, bila sauti. Mize ndiye mtoto wa dada wa mkewe Bwana Rashid. Alikuwa mtu wa Msuka, ameachika, na ana binti mdogo, Raya, ambaye alikuwa hajaanza skuli. Walikaa kwa shangazi yake, si mbali na ofisi. Sote tuliajiriwa kwa muda, na tangu mwanzo tuliambiwa kwamba mradi ukimalizika watakaoonekana wanafaa wataingizwa serikalini, wengine warudi walikotoka. Kwa wengine hilo lilikuwa jambo la mbele. Kwa Mize lilikuwa ndilo jambo. "Raya atasoma kuno kuno Chake," alisema siku moja akimenya shelisheli. "Simrudishi Msuka akakae kwa wajomba kuhesabiwa matonge." Sauda akamwambia, "Weye ukishaingizwa serikalini utatusahau. Utakuja hapa na baibui la hariri." "Aka!" Mize akajibu. "Hariri na dagaa hawa? Paka watanifuata hadi mezani." Hayo yalikuwa mazungumzo yetu. Nayaandika kwa sababu ndiyo niliyobaki nayo mazima.

Sasa nieleze kazi yangu, kwa ufupi, maana bila hiyo kosa halitaeleweka. Mashine ya aina ile ina pahala pawili pa kuweka mambo. Kuna diski, ambayo ni ghala: linaingia kila kitu, lakini kwenda na kurudi kunachukua muda. Na kuna kumbukumbu, ambayo ni kama jiko la nyumbani: padogo, lakini mpishi akinyoosha mkono tu anapata. Unix hutenga sehemu ya jiko hilo kuweka vile vilivyotoka ghalani hivi karibuni, ili vikitakiwa tena asiende mtu ghalani. Sehemu hiyo imegawanywa vifungu, na kila kifungu kitabu kilikiita bafa. Ukiongeza bafa, mashine huenda ghalani mara chache zaidi. Kuna na amri ya kuipima: inakuambia, katika kila mara mia kitu kilipotakiwa, mara ngapi kilipatikana hapo hapo. Kitabu kilisema uongeze bafa mpaka kipimo kipite tisini. Nami nilikuwa kijana anayeamini kwamba kitabu kikitaja tisini, mwanamume hutafuta tisini na tano. Lakini jiko ni lile lile. Ukilijaza magunia ya unga na ndoo za mafuta ili usiende ghalani, mpishi atakosa pa kuweka kibao chake cha kukunia nazi. Hilo nalo lilikuwamo kitabuni, kurasa chache mbele, pamoja na onyo kwamba upime wakati watu wote wako kazini. Nilizisoma kurasa hizo. Sisemi sikuziona.

Kila mara ulipotaka kubadilisha idadi ya bafa ilikupasa kuunda upya kiini cha mfumo, uizime mashine, uiwashe tena. Wakati wa kazi hilo halikuwezekana bila watu sita kukutazama mikono imepakatwa. Kwa hiyo niliungojea mwezi wa Ramadhani. Ramadhani ofisi ilifungwa mapema. Wanawake wawili walikuwa likizo, na waliobaki walipiga chapa polepole kwa kiu, na ikifika adhuhuri chumba kirefu kilikuwa kitupu: wanaume wamekwenda msikitini, wanawake wamekwenda kutafuta vya futari. Nikabaki mimi na ubaridi wangu. Niliongeza bafa, nikawasha, nikaiambia mashine itoe taarifa ya mashamba ya Shumba, kisha itoe tena ile ile, na tena ile ile, nikapima. Tisini na mbili. Nikaongeza. Tisini na tano. Nikaongeza. Tisini na nane. Bila shaka ilikuwa tisini na nane! Nilikuwa nikimwuliza mtu swali moja mara kumi, kisha nikimsifu kwa kukumbuka jibu. Na jikoni hapakuwa na mpishi hata mmoja wa kulalamika kwamba amekosa nafasi. Lakini siku ile niliona nimefaulu jambo kubwa. Hata sala ya jamaa niliiacha, nikasali peke yangu kwa haraka kando ya kasha, jicho langu moja likiwa kwenye skrini. Nimesamehewa mengi, naamini. Hilo sina uhakika nalo.

Niliichapa karatasi ya kipimo nikampelekea Bwana Rashid. Alikuwa mtu wa haki kweli, nasema hivi bila kumpaka mafuta kwa kuwa amekufa. Alikuwa mwalimu kabla ya kuletwa ofisini, na ofisini alitaabika na jambo moja: watu walimletea maneno. Fulani mvivu, fulani anapendelewa, fulani ni wa ukoo. Alitamani kitu kisicho na ukoo. Alipoiona ile tisini na nane alivua miwani, akaivaa tena. "Hii ndiyo mizani," akasema. "Mizani haina shangazi." Akaibandika ukutani chumba kirefu, juu ya meza ya mwisho. Sauda aliisoma kwa kichwa kimeinama upande. "Tisini na nane nini, Fundi? Homa?" Tangu siku hiyo akaniita Fundi Tisini.

Idd ilipokwisha, mvua za masika zilikuwa zimeanza. Wanawake wote sita walirudi mezani, karatasi za kaskazini zikaja kwa magunia, na kazi ikawa nzito kuliko wakati wowote. Wiki ya kwanza walisema mashine inachelewa. Nikawaambia mmetoka kwenye saumu, vidole vimelala. Wiki ya pili Bwana Rashid alianza kuangalia kila mtu ameingiza mashamba mangapi kwa siku, na kila siku jina la chini kabisa lilikuwa la Mize. Hili lilinishangaza hata mimi, kwa maana Mize ndiye aliyekuwa bora, na kwa kuwa bora alipewa masahihisho: karatasi zilizoandikwa vibaya, mashamba yaliyotajwa mara mbili, miti iliyohesabiwa na watu wawili. Wenzake walikimbia tu na karatasi, kilichosomeka wakaandika. Yeye alisimama. Aliishika karatasi karibu na dirisha, akaiuliza nafsi yake kama ile ni saba au ni moja, kisha ndipo akagusa kibodi. Akigusa, skrini ilikaa kimya. Nilimwona mara nyingi kupitia kioo cha mlango wangu, mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine umeshika shavu, anangoja. Mimi niliona mtu anayeota ndoto.

Siku moja baada ya chai Bwana Rashid alikuja chumba kirefu, akasimama chini ya karatasi yangu. Hakukasirika. Ningependa leo kusema alikasirika. "Kazi imeshuka," alisema. "Nataka kujua tatizo liko kwa nani, nisimdhulumu ntu. Fundi, mashine ina kasoro?" Watu wote wakanitazama, na mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu hata ilinibidi kupaza sauti. "Mashine haina kasoro, Bwana. Kipimo hicho hapo." Akageuka akakitazama, kama mtu anayemtazama shahidi aliyekwisha kula kiapo. "Basi ni watu," akasema. Mize akasema taratibu, "Ami, mie huwa nangoja. Nikibonyeza, nangoja." Alimwita ami mbele za watu, jambo ambalo ofisini hakuwa akilifanya, na naamini hilo ndilo lililommaliza. Bwana Rashid akamjibu kwa upole, "Wenzio wanangoja kidogo, weye wangoja sana. Mashine ni moja." Mimi ndiye niliyetakiwa kuwa na jibu, na sikulitafuta, maana siku hiyo bado niliamini nilichosema. Kama kosa langu lingekomea hapo, lingekuwa kosa la ujinga, na ujinga una tiba.

Mize aliondoka kabla ya mwisho wa mwezi. Bwana Rashid hakumfukuza kwa maneno, alimwambia tu kwamba mkataba wake hautaendelea. Nasikia mkewe hakusema naye kwa siku nyingi, na watu wakazidi kumheshimu kwa hilo. Mize alikusanya vitu vyake: gilasi yake ya chai, msala wake, kanga ya zamani aliyojifunika miguuni kwa sababu ubaridi wa chumba changu ulipita chini ya mlango ukamfikia. Kisha akaja mlangoni kwangu. Sikumbuki kama aliwahi kuja kabla ya siku hiyo. "Kombo, mie naenda zangu," akasema. "Nisamehe kama nimekuharibia mashine yako." Nikamwambia, "Hukuiharibu, Mize." Alisubiri kidogo, labda nitaongeza neno. Nikamwambia amsalimie Raya.

Wiki iliyofuata hapakuwa na mtu wa masahihisho. Sauda alikataa. "Kiti kile kina macho," alisema, na hakuna aliyecheka. Basi nikakaa mimi. Sijui nieleze vipi kwamba nilikuwa mwezi wa kumi kazini na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwenye moja ya meza zile sita, asubuhi, watu wote wakifanya kazi. Kila siku nilikuwa chumbani mwangu, au nilikuwa hapa wakiwa hawapo. Nikachukua karatasi ya kwanza, mwandiko kama miguu ya kuku. Nikaishika karibu na dirisha, nikaisoma, nikaamua kwamba ile ni saba. Nikabonyeza. Skrini ikakaa kimya. Mle chumbani kwangu, nyuma ya kioo, nikaisikia diski inakoroma, sauti ambayo adhuhuri za Ramadhani sikuisikia hata mara moja. Nikashika shavu. Na mkono ulipogusa shavu nikaelewa. Jiko limejaa magunia yangu, wapishi sita wanagombea pembe moja, na mashine, ili kupata nafasi, inamtoa nje yule aliyenyamaza. Anayekimbia inamwacha. Anayesimama kidogo kusoma vizuri inakichukua kila kilicho chake na kukitupa ghalani, na akigusa tena inampasa kungoja kirudishwe chote, ili dakika ya pili kitupwe tena. Mize alitolewa jikoni mara mia kwa siku kwa sababu alikuwa makini. Nilikwenda chumbani nikapima, si kwa ile amri niliyoipenda, bali kwa nyingine niliyokuwa nikiiruka, na ikaniambia hivyo hivyo.

Ijumaa mchana, watu walipokwenda msikitini, nilipunguza bafa zikawa chini ya nusu. Jumatatu kipimo kilikuwa themanini na kitu, na skrini zilijibu kabla kidole hakijanyanyuka. Chumba kizima kilibadilika sauti. Ilikuwa kama mvua kwenye makuti. Kufika jioni kazi ilikuwa imepanda kuliko siku yoyote tangu Idd, na kesho yake ikapanda zaidi. Bwana Rashid akaja akasimama pale pale. Uso wake ulikuwa na huzuni ya mtu aliyefanya jambo gumu akaambiwa alikuwa sahihi. "Nilikuwa silali," alisema. "Nikijiuliza, je, nimemwonea? Alhamdulillahi. Mwaona wenyewe. Samaki mmoja akioza..." Wakamalizia kwa pamoja, wote wameoza, kama watoto wa darasa lake la zamani. Sauda peke yake hakufungua mdomo. Alikuwa akinitazama mimi, lakini hakujua anatazama nini.

Nilimfuata Bwana Rashid ofisini kwake. Naapa nilikwenda kusema. Nilikuta gilasi ya chai inafuka, na faili yangu iko mezani, kwa sababu asubuhi ile alikuwa ameandika mapendekezo nipelekwe masomoni Unguja na nikirudi niwe mkuu wa chumba cha mashine. "Unasemaje, Fundi?" Nikasema, "Bwana, nilipunguza bafa. Zilikuwa nyingi, mashine ilikuwa ikihamisha programu za watu kwenye diski." Kila neno lilikuwa kweli. Akanitazama kwa upendo, kama tunavyomtazama mtoto anayesoma kwa Kiarabu. "Mashaallah," akasema. "Endelea hivyo hivyo. Kunywa chai." Nikanywa chai. Tangu hapo nimejitetea mbele ya nafsi yangu, miaka yote hii, kwamba nilimwambia. Nilimwambia kwa lugha ambayo nilihakikisha haijui. Ile karatasi ya tisini na nane haikuondolewa ukutani. Ilibaki hapo mpaka mradi ukaisha, na wote watano wakaingizwa serikalini, na mimi nikawa mkuu. Mashine yenyewe iliishia uani, kuku wakitagia ndani ya kasha lake.

Nilikuwa nimefika hapo katika kukumbuka, barazani Wambaa, kikombe cha kahawa kimepoa mkononi, nilipoombwa kupeleka sinia tupu nyuma. Mlango wa uani ulikuwa na pazia. Mkono ukatoka kupokea sinia, kisha uso. "Fundi Tisini!" akasema Mize. "Loo, na hayo meno kayala nani?" Amekuwa mama mnene, macho yana ukungu kidogo, mikono imekauka kwa miaka ya kufunga mwani kwenye kamba huko Msuka. Nilicheka, kisha nikashindwa kucheka. Tulisalimiana sana, kama wanavyosalimiana watu wenye jambo baya katikati yao. Alikuwa amekuja kumsaidia mama yake mdogo, mjane wa Bwana Rashid. Nikamwuliza kuhusu Raya. "Yumo ndani, anapakua. Ana wajukuu sasa, weye!" Akapangusa mikono kwa kanga. "Alikuwa na akili yule. Alitaka kuja Chake kusoma hiyo kompyuta, wakati ule ilipoanza kufundishwa. N'kamkataza. N'kamwambia, mwanangu, sisi mikono yetu mizito. Mie nilijaribu, ikanishinda, n'katolewa mbele za watu. Usijitie aibu. Akaolewa." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Miaka yote nilikuwa nikimwogopa Mize anayejua. Nilijiandalia majibu ya lawama zake. Sikuwahi kumfikiria Mize anayeamini. Nikamweleza hapo hapo, tumesimama kila mtu upande wake wa pazia, kwa maneno ya jikoni na ya ghalani kama nilivyoyaandika hapa, mpaka kwenye chai niliyokunywa. Alisikiliza huku akiutazama mkono wake wa kulia, akiukunja na kuukunjua. "Kumbe," akasema. Baadaye akasema tena, "Kumbe n'likuwa n'kisoma." Nikamwomba radhi. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Radhi yako nitaiweka wapi mie, Kombo? Makame asimulia nini huko barazani? Kila shughuli ya nyumba hii asimulia, nami namsikia kuno nyuma. Nenda kamwambie yeye." Nikamwambia leo ni hitma, maiti anatajwa kwa wema, si siku yake. Akanitazama vizuri. "Na mie, uliponizika, uliulizia siku?"

Nikarudi barazani. Magoti yaliuma nilipokaa, na watu walikuwa wameshahamia kwenye habari za bei ya karafuu. Nikasema, "Makame, ile habari ya mpiga chapa mzito." Akafurahi. "Enhe, waambie, Fundi." Nikasema hakuwa mzito. Nikasema mimi ndiye niliyeipima mashine vibaya mwezi wa Ramadhani, nikaijaza isivyopaswa, ikawa inamngojesha yeye kuliko wote kwa sababu alisoma kwanza ndipo akaandika. Nikasema kazi ilipanda kwa kuwa niliirekebisha, si kwa kuwa yeye ametoka, na kwamba nililijua hilo siku ile ile nikanyamaza. Makame aliweka kikombe chini. "Yakhe Kombo," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "ntu kalala kaburini, wamtolea heshima yake?" Nikamwambia, "Heshima yake iko pale pale. Alihukumu kwa mizani. Mimi ndiye niliyempa mizani mbovu." Mzee mmoja alianza kuvuta uradi taratibu, ili ukimya uwe na kazi.

Nyuma ya pazia vyombo vilikuwa vimeacha kugongana. Nikasikia sauti ya mwanamke, si ya Mize, nadhani ya Raya, ikiuliza, "Mama, kumbe ndiwe weye huyo asiyekuwa mzito?" Nilitega sikio kwa jibu, lakini nilikuwa mbali, na masikio yangu nayo yamezeeka. Kisha bomba likafunguliwa, na sahani zikaanza tena kuoshwa.